Ajali ya Alhamisi Ijayo

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa faili lenye jina hilo limefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda semina. Ilikuwa nchi nzuri, yenye amani, utulivu na mihuri. Kila ofisi ilikuwa na muhuri wake, kila muhuri ulikuwa na mtu wa kuutunza, na mtu huyo alikuwa na msaidizi wa kumshikia wino. Wananchi walisifika kwa uvumilivu. Viongozi waliwasifu hivyo kila mwaka, kwenye sherehe ambazo wananchi walisimama juani na viongozi wakakaa kivulini.

Huko aliishi Mwalimu Hamduni Kizota, mtu wa makamo mwenye kitambi cha heshima na gari moja dogo la rangi ya maziwa. Kwa gari hilo alifundisha watu udereva. Lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na Hamduni aliipenda ile yake kuliko viungo vingine vyote vya gari. Tangu aanze kazi hajagonga mtu, mbuzi wala kuku. Mtaani walimtania kwamba hata nzi akikatiza mbele yake, Mwalimu hupiga honi kwanza. Alicheka nao, lakini moyoni alijivuna, maana hiyo ndiyo sifa pekee aliyokuwa nayo na hakupewa na mtu.

Bima ya gari ilipokaribia kwisha, akaenda kama raia mwema kwenye Shirika la Taifa la Bima ya Vyombo vya Moto na Vinavyofanana Navyo. Dirishani alikuwepo karani aitwaye Bi Semeni, anakula mihogo ya kukaanga.

"Habari za kazi, dada. Nimekuja kukata bima upya."

"Nzuri, mzee wangu. Ila fomu za kukata upya zimekwisha."

"Zimekwisha tangu lini?"

"Mie nilipohamishiwa hapa nilikuta zimekwisha." Bi Semeni alipangusa vidole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lieleweke mapema. Katika nchi ile mabaya mengi yalifanywa na watu wenye roho nzuri waliokuwa na haraka. "Usijali. Za kuripoti ajali zimejaa stoo, panya wanazalia. Ni zilezile tu: jina, namba ya gari, saini. Wote tunawajazia hizo."

"Lakini mimi sijapata ajali, dada."

"Kwani nani kasema umepata? Nitakata neno 'ajali' hapo juu kwa kalamu, nitaandika 'kukata upya'. Kwisha habari."

Alikuwa na nia kabisa ya kulikata. Ila simu ikalia, shoga yake akimwuliza rangi ya sare za harusi, na mambo ya sare si mambo ya kumaliza upesi. Huku simu ikiwa begani alijaza kwenye mashine, na mashine ile haikukubali kisanduku kitupu. Mahali pa tukio? Akatazama nje ya dirisha, akaandika Mzunguko wa Mashujaa. Tarehe? Akaweka siku ambayo bima mpya ingeanza, Alhamisi ijayo. Waliofariki? Akaandika sifuri. Mashine ikalia. Akaandika tena sifuri, ikalia kwa hasira zaidi.

"Haipendi sifuri hii," alimwambia Hamduni. "Naweka mmoja, ipite."

Hamduni alikuwa na mwanafunzi nje anayemngoja juani. Akasema haya, ipite. Muhuri ukashuka kwa kishindo, mihogo ikaruka kwenye sahani.

*

Kesho yake askari wa barabarani, Sajini Mbwambwa, alisimamisha gari la rangi ya maziwa, akaisoma hati ya bima kuanzia juu hadi chini, kisha akavua kofia.

"Pole sana, Mwalimu."

"Pole ya nini, afande?"

"Ya msiba. Si umeua mtu?"

"Mimi? Nimeua lini?"

"Alhamisi ijayo."

Hamduni akamkumbusha kwamba siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Alhamisi aliyoisema haijafika.

"Ndiyo maana nakupa pole mapema, nisije nikakukosa siku hiyo, wageni watakuwa wengi," alijibu Sajini kwa upole. "Sasa, Mwalimu, gari hili kwa mujibu wa hati ni kielelezo cha mahakama. Wewe unalizungusha mjini unafundishia mabinti kurudi nyuma. Naomba leseni yako nikutunzie mpaka utakapomaliza kuua."

Jioni Hamduni alimweleza mkewe, Bi Mwamtoro, aliyekuwa akipepeta mchele. Bi Mwamtoro alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Halafu akamtazama mumewe usoni, akaacha kucheka.

"Si urudi wafute?"

"Nitarudi Jumatatu. Ni mstari mmoja tu."

*

Mkurugenzi wa Shirika, Dakta Kaniki, alikuwa na ofisi kubwa kiasi kwamba mtu akiingia mlangoni akitoa salamu, mwenzake wa mezani alikuwa na muda wa kumaliza chai kabla ya kuitikia. Alimsikiliza Hamduni akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na huzuni ya mtu aliyetukaniwa mzazi.

"Mwalimu, unasema Shirika limekosea?"

"Si Shirika, mheshimiwa. Ni fomu tu. Karani alikuwa na haraka."

"Fomu ina muhuri?"

"Ina muhuri."

"Basi sikiliza, nikuelimishe bure." Dakta Kaniki alisimama, akaenda dirishani, mahali ambapo viongozi wa nchi ile walisimama walipotaka kusema upuuzi mkubwa. "Hati yenye muhuri haikosei. Inaweza kutangulia. Kutangulia si kukosea, Mwalimu, kutangulia ni maendeleo! Serikali imetangulia, wewe raia umebaki nyuma, na badala ya kukimbia uifikie, unakuja hapa kuiomba irudi nyuma. Huoni haya?"

"Mheshimiwa, mkifuta huo mstari mmoja tu..."

"Tukifuta wako tutaambiwa tufute na wa wengine. Kuna mama mmoja wa sokoni, hati yetu inasema anaendesha meli. Umemsikia akilalamika? Amenunua nanga, ameifunga nyuma ya gari, anauza nyanya zake. Kuna dereva wa lori aliyeandikwa ana umri wa miaka minne. Mama yake mzazi anakaa naye kwenye usukani, amempakata, na mizigo inafika. Hao ndio wazalendo."

Hamduni aliuliza swali lililomkosesha usingizi tangu Ijumaa. "Na kama Alhamisi ikifika nisigonge mtu?"

"Hapo utakuwa umelidai Shirika fidia ya ajali isiyotokea. Huo ni udanganyifu, ni uhujumu, utafia gerezani. Lakini ukimgonga mtu kwa bahati mbaya, kama ilivyopangwa, ni faini na pole." Dakta Kaniki alimshika bega kwa upendo. "Nakushauri kama kaka yako. Gonga."

*

Habari zikamfikia Mheshimiwa Waziri wa Barabara, Madaraja na Yatokeayo Juu Yake, naye akafurahi kama aliyeokota pesa. Miaka yote alikuwa akisemwa bungeni kwamba ajali za nchi ile zinatokea ovyo, hazina mpango wala takwimu. Sasa kumbe kuna moja inajulikana tarehe, mahali na idadi! Akaagiza izinduliwe rasmi, na yeye mwenyewe awe mgeni wa heshima.

Iliundwa Kamati ya Maandalizi yenye kamati ndogo za mapambo, usafiri, itifaki na chakula. Ile ya chakula ilikuwa na wajumbe wengi kuliko zote zikijumlishwa pamoja. Vikashonwa vitenge vyenye maneno "Ajali Yetu, Fahari Yetu", na picha ya Waziri ikakaa pale ambapo mvaaji huketi. Mashimo ya Mzunguko wa Mashujaa, ambayo yalikuwa yameua watu bila mpango tangu enzi za babu zetu, yalizibwa kwa usiku mmoja, yasije yakaharibu ajali ya serikali.

Ikabaki nafasi ya marehemu. Ilitangazwa gazetini kama sheria inavyotaka: awe raia, awe na shahada ya chuo kikuu, awe na uzoefu, asiwe na rekodi ya jinai, na awe na cheti cha daktari kuthibitisha kwamba afya yake ni njema. Mjinga angedhani hakuna atakayejitokeza. Foleni ilizunguka uwanja wa mpira, na wengine walikuja na barua za wabunge. Na usiwacheke. Ilikuwa ajira ya serikali, ina posho, ina kiinua mgongo, na vijana walikuwa wameona wenyewe kazi za serikali zinavyofanywa: unasaini asubuhi, unatundika koti kwenye kiti, unaondoka. Hawakuona kwa nini kufa kuwe tofauti.

Akapatikana kijana aitwaye Twalibu, msomi wa misitu aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba kando ya barabara. Jopo la usaili lilimwuliza anajiona yuko wapi baada ya miaka mitano. Akajibu, "Mavumbini." Wakampa alama zote kwa kuielewa vizuri nafasi anayoiomba.

*

Siku ya mazoezi Hamduni alimkuta amesimama ndani ya duara la chokaa, amevaa suti kubwa ya kuazima, na kibandiko kifuani kilichoandikwa cheo chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye...?"

"Ndiye mimi. Marehemu." Twalibu akatabasamu. "Nakufahamu, mzee. Ulimfundisha dada yangu kuendesha. Alisema ulikuwa ukimpigia breki kabla hata hajawasha gari."

Hamduni alimtazama vizuri. Kijana alikuwa mwembamba, ana masikio makubwa, na viatu tu ndivyo vilivyokuwa vyake.

"Mwanangu, kwa nini umekubali jambo hili?"

"Shahada yangu iko ukutani, mama kila Jumamosi anaipangusa vumbi. Amechoka kuipangusa, mzee, ila ananionea haya kuniambia." Twalibu alitazama chokaa miguuni pake. "Jana mtu mwenye tai kaniita kwa majina yangu yote matatu. Haijapata kutokea. Halafu mimi nilidhani watu wakishapiga picha, mambo yataishia hapo."

"Na ndivyo yatakavyoishia," alisema Hamduni. Alimvuta karibu, wanakamati wasisikie. "Nitakuja na gari mpaka hapa miguuni pako, nitakanyaga breki. Wewe jilaze chini. Wapige makofi, waandike wanachotaka, tuende zetu nyumbani. Mimi sitakugonga. Umenisikia? Hata wakinifunga maisha."

"Nimekusikia, mzee. Ila uje kweli. Usipokuja, hawanilipi."

Nyumbani Bi Mwamtoro alimwuliza, "Na wakikufunga kweli?"

"Nitafungwa nikiwa sijaua mtoto wa mtu."

Bi Mwamtoro alimpigia pasi shati jeupe, lile la Idi.

*

Alhamisi ikafika. Mahema yalifungwa, viti vikavishwa vitambaa, bendi ya shaba ikapangwa. Mama yake Twalibu, Bi Zamoyoni, aliwekwa safu ya nyuma kwenye hema la wafiwa watarajiwa. Mgeni wa heshima alitakiwa kufika asubuhi. Asubuhi ikapita. Jua likapanda juu ya vichwa, soda zikachemka kwenye kreti, kwaya ikaimba nyimbo zote inazozijua kisha ikaanza kuzirudia. Mshereheshaji alitangaza kwamba Mheshimiwa yuko njiani. Baada ya muda akatangaza kwamba Mheshimiwa bado yuko njiani, na watu wakapiga makofi.

Hamduni aliketi ndani ya gari lake akitokwa na jasho, macho yake kwa Twalibu. Kijana alikuwa amesimama ndani ya duara la chokaa bila kofia wala maji, kwa kuwa watu wa televisheni walikataza asisogezwe. Midomo yake ilikuwa imekauka. Hapo Hamduni alishikwa na hasira ambayo hajapata kuijua tangu azaliwe. Si woga tena, hasira. Akavuta breki ya mkono mpaka ikalia, akachomoa ufunguo, akateremka na chupa ya maji, akatembea mbele ya mahema yote yale hadi kwenye duara.

"Kunywa, mwanangu. Kisha twende zetu. Hata kuigiza siigizi."

Twalibu alikunywa maji yote. "Nisubiri kidogo, mzee wangu. Karatasi ya posho haijapita."

"Achana na posho!"

"Nimeshaungua jua siku nzima. Niache nisaini tu, tuondoke wote."

Sajini Mbwambwa akaja mbio, akamvuta Hamduni pembeni kwa mkono, akimwambia kwamba dereva haruhusiwi kuongea na marehemu kabla ya tukio. Wakati huo ving'ora vikasikika.

Mheshimiwa hakuwa na desturi ya kufika polepole. Msafara uliingia mzunguko kwa upande usioruhusiwa, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu zaidi na zulia jekundu, na kwa mwendo ambao Hamduni asingemruhusu mwanafunzi kuuota usingizini. Magari meusi, marefu, yenye vioo vya giza. Twalibu aligeuka, akasimama wima kwa adabu kumpokea mgeni. Gari la Waziri likampitia likaenda kusimama mbele ya zulia.

Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Iliagizwa ianze mara itakaposikia kishindo.

Hamduni alikimbia akapiga magoti kwenye chokaa. Akamshika Twalibu mkono, akamwita mwanangu, mwanangu, lakini kijana alikuwa ameshaondoka. Nyuma, kwenye safu ya mwisho, sauti ya mwanamke ilipanda juu ya tarumbeta zote.

Waziri akateremka, akaona, akabadilika rangi. Dakta Kaniki alikuwa ameshafika ubavuni pake na faili.

"Mheshimiwa asiwe na wasiwasi. Mahali, ni hapa. Tarehe, ni leo. Waliofariki, mmoja. Hakuna kisanduku hata kimoja kilichopungua."

"Na gari?" Waziri aliuliza kwa sauti ndogo. "Gari lililogonga?"

"La Mwalimu Hamduni, Mheshimiwa. Tangu wiki iliyopita."

Waziri akapumua. Rangi yake ikarudi.

"Gari langu lile pale!" Hamduni alipiga kelele. "Halijasogea! Ufunguo huu hapa mkononi! Nyie nyote mmeona, semeni basi! Semeni!"

Watu wa mahemani walitazama viatu vyao. Mkuu wa wilaya alitazama saa. Bi Mwamtoro peke yake alisimama juu ya kiti akapaza sauti kwamba muuaji ni huyo Waziri, na askari wanawake wakambeba juujuu kumtoa, kiatu chake kimoja kikabaki pale. Wengine wakatangaziwa kwamba chakula kiko tayari, na chakula kilikuwa kingi, maana kamati ilikuwa imejipanga. Askari wawili walikwenda na nyundo kwenye gari la rangi ya maziwa, wakaliponda mbele taratibu, wakilinganisha na maelezo. Waziri alisoma hotuba yake yote bila kubadili neno. Ilimshukuru dereva kwa kutekeleza kwa wakati.

*

Mahakamani hakimu alimwuliza Hamduni kama ana la kusema.

"Sikumgonga, mheshimiwa hakimu."

"Tunajua," alisema hakimu. "Nilikuwepo, nilikaa hema la pili. Swali la mahakama ni hati inasema nini." Akamhukumu miaka mingi, si faini na pole, kwa sababu alikuwa amebishana na muhuri mbele ya wageni.

Hamduni akakata rufaa. Alikuwa na shahidi mmoja ambaye hata majaji wa nchi ile wangeona taabu kumfukuza, naye ni mama wa marehemu mwenyewe. Bi Zamoyoni alikuwa ameona kila kitu. Akaitwa, na siku chache kabla ya kesi akaja gerezani, amejitanda shuka nyeusi ya kaniki, akaketi upande wa pili wa nondo.

"Mwalimu, niliona," alisema. "Naona mpaka leo nikifumba macho. Hukumgusa. Ulimpelekea maji."

"Basi nenda ukawaambie, mama."

"Nilikwenda Shirika la Bima kuulizia haki ya mwanangu. Wakaniambia gari lako lina bima, fidia ipo, nyumba itaezekwa, wadogo zake watasoma. Nikawauliza, na kama si gari la Mwalimu? Wakaniambia gari la Waziri halina bima. Magari ya wakubwa hayakatiwi bima, kwa kuwa hayapati ajali." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nikisema kweli, Twalibu amekufa bure. Nikinyamaza, unaozea humu kwa ajili yangu. Sikuja kukuomba. Nimekuja uniambie nifanye nini, maana mimi akili yangu imegota."

Hamduni aliishika nondo kwa mikono miwili. Alifikiri juu ya nyumba yake, juu ya mkewe, juu ya miaka yote ile aliyowafundisha watu kukanyaga breki. Alichukia. Aliwachukia wote, kuanzia dirishani mpaka kwenye zulia, na hapakuwa na mtu wa kumfikishia chuki hiyo isipokuwa mwanamke huyu ambaye hakuwa na kosa.

"Mwite askari," alisema. "Alete karatasi na kalamu."

Akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba Alhamisi ile, akiwa na akili zake timamu, alimgonga Twalibu akamuua, na kwamba anaiondoa rufaa yake. Akasaini. Bi Zamoyoni akaikunja karatasi, akaitia ndani ya kaniki. Hakumshukuru. Alisimama akishikilia ukuta.

"Mungu alikuwepo pale mzungukoni, baba," alisema.

"Alikuwepo, mama," alijibu Hamduni. "Ila na Yeye wasingempa nafasi ya kutoa ushahidi."